Bunduki Nyuma ya Mlango wa Madam

Mimi ni mwoga, na ni vizuri niseme hivyo mapema ili msomaji asije akadhani ninatia chumvi. Naogopa mbwa, naogopa ngazi ndefu, naogopa hata kuvuka barabara hapa Embu siku ya soko. Lakini katika maisha yangu hakuna kitu kilichonitia hofu kama bunduki iliyosimama nyuma ya mlango wa sebule ya Madam, kule Kianjai, Meru, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sote tulimwita Madam. Alikuwa mwalimu mkuu wangu nilipokuwa darasa la sita, akawa mwalimu mkuu wangu tena niliporudi katika shule ile ile nikiwa mwalimu mwenye cheti kipya na suruali moja ya heshima. Hata wauzaji wa miraa pale sokoni, ambao hawakuwahi kukalia dawati lake, walimwita Madam na kuzima sigara akipita. Jina lake la ubatizo nililiona mara ya kwanza kwenye leseni ya bunduki.

Kuingia kwake kulikuwa na sheria. Langoni palining'inia rimu ya gurudumu la lori, nayo ndiyo iliyokuwa kengele. Ulikuwa unaigonga mara tatu, unasimama mahali pa wazi, mikono ikionekana, kisha unataja jina lako, jina la baba yako, na jambo lililokuleta. Halafu unangoja. Yeye alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, na kusikia jina peke yake hakukumtosha, ilikuwa lazima akuone. Akiridhika alisema "Present" kwa sauti ile ile ya kuita rejista, ndipo ulipofungua lango. Asiporidhika alinyamaza. Nimewahi kusimama pale muda wa kumaliza kuimba wimbo mzima wa kanisa moyoni, kwa sababu nilikuwa nimenyoa ndevu na sura yangu ilimtatiza, na muda wote huo kifua kilikuwa kikiniwasha mahali nilipodhani amelenga.

Kwetu majirani huwa hawatumii lango. Watu huingiliana kwa njia ya jikoni, kupitia mwanya kwenye ua, mtu akaomba chumvi au akaleta maziwa ya ndama aliyezaliwa. Madam aliiziba mianya yote kwa miiba, akaacha mmoja tu huko nyuma, wa kupitisha ng'ombe wake kwenda mtoni. Kila mtu alijua kwamba mwanya ule ni wa ng'ombe, si wa watu.

Sababu yake ilijulikana, na hakuna aliyethubutu kumlaumu. Mumewe alikuwa na lori la kubeba miraa, na kwa ajili ya safari zile akaomba leseni, akanunua bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili inayomwaga risasi ndogo ndogo kama njugu. Alikuwa mtu wa kufuata sheria kupita kiasi. Bunduki aliifungia katika sanduku la chuma chumbani, risasi akazifungia katika droo nyingine, na funguo zote akaziweka mfukoni mwa suruali. Jioni moja wakiwa mezani, mtu aliita nje kwa sauti ya jirani, akasema ng'ombe wao ametoka zizini. Mume akainuka na kijiko chake mkononi, akafungua mlango. Walikuwa watu watano wenye mapanga.

Madam alikimbilia chumbani, akalikuta sanduku, lakini funguo zilikuwa katika suruali ambayo mumewe alikuwa ameivaa. Jambo hili aliniambia mara moja tu, tukisahihisha mitihani, bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi. Alisema alikaa kitandani akiwa amelipakata lile sanduku, akimsikia mumewe kule sebuleni akiomba. Mumewe aliishi siku tatu.

Kuanzia hapo, kazi yake kubwa kuliko ualimu ilikuwa kuhakikisha kwamba bunduki haitafungiwa tena. "Bunduki iliyofungiwa ni mwiko," alikuwa akisema, "na mwiko ninao jikoni."

Alipokwenda kuomba leseni ihamishwe kwa jina lake, askari waliona ni kichekesho. Mwanamke, mwalimu, mjane, mwenye miwani ya kusomea. Mkubwa wao akamwambia kwanza aonyeshe kama anaweza kupiga, labda kwa kutumaini kwamba ataona haya na kurudi nyumbani. Wakampeleka kwenye machimbo ya mawe, wakaweka mtungi wa plastiki juu ya jiwe. Risasi ya kwanza ilipiga mlima. Ya pili pia ilipiga mlima. Ya tatu iliuondoa mtungi, na wala haukuonekana tena. Jumatatu alikuja shuleni mkono wa kulia ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, bega likiwa limevimba, akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto wiki nzima. Mwandiko wake wa mkono wa kushoto ulikuwa mzuri kuliko wangu wa kulia.

Sasa niseme maana ya neno "tayari" kwa Madam. Bunduki ilisimama nyuma ya mlango juu ya gunia lililokunjwa, kitako kisinyonye unyevu. Risasi mbili zilikuwa ndani wakati wote. Nyingine tano zilikaa katika mkebe wa kakao dirishani, pembeni mwa kiberiti. Kutoka kwenye kiti chake hadi pale zilikuwa hatua nne, kutoka jikoni tisa, kutoka kitandani kumi na moja, na alizijua hatua hizo hata akiwa amefumba macho, kwa maana nimemwona akizitembea. Kila Jumamosi alitandaza gazeti mezani, akaipangusa na kuitia mafuta, huku redio ikisoma matangazo ya vifo. Alifanya kazi hiyo kwa upole mwingi, akiipitisha nguo kwenye mtutu polepole, na nilipomtembelea siku hizo nilikuwa sijui niyaweke wapi macho yangu.

Wafanyakazi wake wa nyumbani hawakudumu, kwa sababu ya mazoezi. Mara moja kwa mwezi, wakati wowote, Madam alipuliza filimbi. Msichana wa kazi alitakiwa aache chochote alichokishika, alale chini jikoni, kichwa kikielekea ukutani. Akichelewa, zoezi lilirudiwa. Mmoja wao aliacha chapati zikaungua mara mbili kwa siku moja, na kesho yake akachukua nguo zake akaenda zake Kiritiri kwa dada yake, akisema heri auze makaa kwenye jua kuliko kulala chini kila filimbi inapolia.

Na tulipokwenda kwake kwa maombi ya nyumbani, zamu yake ilipofika, yalikuwa maombi mafupi kuliko yote ya mtaa wetu. Aliisogeza bunduki nyuma ya pazia kwa heshima ya wageni, lakini kitako kilibaki kikichungulia. Hakuna aliyeweza kufumba macho. Mama mmoja aliyezoea kuombea mataifa yote ya dunia, kwa Madam aliombea Kianjai peke yake akasema amina.

Pamoja na hayo yote, alikuwa hawezi kumchinja kuku. Hilo lilinishangaza sana. Wageni wakija alimshika kuku, akamfunga miguu, halafu akamtuma mtu amwite jirani yake mzee wa kanisa aje afanye kazi ile. Yeye mwenyewe alikwenda kusimama upande wa pili wa nyumba hadi iishe. Na huyu aliyetufundisha kwamba uongo ni wizi wa ukweli, kila mwaka askari walipokuja kukagua silaha aliiweka ndani ya sanduku la chuma, akawaonyesha kufuli, akawapa chai ya maziwa, na vumbi la gari lao likiwa bado hewani alikuwa ameirudisha nyuma ya mlango. Nilimwambia siku moja kwamba sheria inataka ifungiwe. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama sheria ilikuwepo siku ile ya panga.

Nilichoogopa kilikuwa wazi, na sikukificha. Niliogopa kwamba siku moja Madam atampiga mtu asiye mwizi. Wezi hawakurudi tena, hata mara moja, lakini watu wema walikuwa wakija kila siku, na bunduki haikuwa na njia ya kuwatofautisha. Mzee wa kanisa, yule jirani yake wa kuchinja kuku, aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwamba Madam ana akili zaidi yetu sote. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya rangi ya udongo ambayo hakuivua isipokuwa kanisani na kwenye matanga.

Madam alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume. Alisoma kilimo, akaajiriwa Embu, na kazi yake ilikuwa kuwazungukia wakulima wa sehemu kavu za Mbeere akiwaonyesha mbegu zinazovumilia ukame. Huyo alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, akagonga rimu mara tatu kama wengine, akataja jina lake na la marehemu baba yake, akangoja. Madam alisema "Present" kwake kwa sauti tofauti kidogo. Sisi tuliokuwepo tulijifanya hatukusikia.

Miaka miwili baada ya Madam kustaafu, mimi nikiwa naibu wa mwalimu mkuu mpya, simu ya shule ililia Jumatano moja saa tisa mchana. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa bado. Nikaipokea mimi. Mtu wa ofisi ya kilimo, Embu, alisema gari limepinduka asubuhi ile karibu na Kiritiri, na kwamba kijana wa Madam hakufika hospitalini.

Nilikaa nimeshika ile simu hata baada ya kukatika. Halafu nikaenda kwa mzee wa kanisa, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kupelekwa na mtu mmoja, na haliwezi kusemwa na mtu mdogo.

Kwetu habari ya msiba haiitwi langoni. Huwezi kusimama barabarani ukamtangazia mtu kwamba mwanawe amekufa, na huwezi kuulizwa umeleta nini ukajibu uongo, kwa kuwa uongo huo utakaa nawe. Unaingia kimya kimya, kwa njia ya jikoni, kofia mkononi. Unamkuta mwenyewe ameketi, nawe unaketi. Unaomba maji, unakunywa, unauliza habari za mvua. Ndipo mkubwa wenu anapolisema. Hivyo ndivyo mama yangu alivyoambiwa kuhusu baba, na hivyo ndivyo nami nitakavyoambiwa kuhusu yeyote atakayenitangulia.

Tulisimama kwenye njia panda, mimi na mzee, tukabishana kwa sauti ya chini. Nilimkumbusha sheria ya Madam. Nilimwambia tugonge rimu. Mzee alitikisa kichwa. "Nikigonga ataniuliza nimeleta nini," alisema. "Mimi nitaita kifo cha mtoto wake barabarani, watu wa soko wakisikia? Hapana, mwalimu. Tutaingia kama watu."

Kwa hiyo tukazunguka nyuma, tukaupata ule mwanya wa ng'ombe. Mzee alivua kofia, akainama, akapita mbele, nami nikafuata. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wakichakura karibu na jiko. Tulikuwa tumetembea labda hatua ishirini kuelekea nyumbani. Sikuona mtu dirishani. Nilisikia mshindo ambao hata leo, mlango ukibamizwa na upepo hapa nyumbani kwangu Embu, mtaa uitwao Dallas, hunirudia mwilini, na mzee akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka.

Marisau yalikuwa yamemwingia pajani. Damu ilikuwa ikitoka, si kwa kuruka, lakini ilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye samadi na sijui nilifikaje pale. Madam alitoka mlango wa jikoni, bunduki ikiangalia chini, akasimama. Hakupiga kelele, wala hakuuliza ni nani.

Nataka niseme alichofanya mzee, kwa sababu sijawahi kuona tena mtu akifanya kitu kama kile. Alijivuta akaegemea ukuta wa jiko. Akasema, "Mama, naomba maji." Madam aliingia ndani akarudi na kikombe. Mzee akanywa nusu, akakiweka chini, mkono mwingine ukiwa umebana paja. Akasema mvua za huku juu zimekuwa nzuri mwaka huu. Kisha akamwambia, kwa Kimeru, kwa maneno machache, kwamba kijana ametutoka.

Madam aliiweka bunduki chini kwenye vumbi. Aliketi pale pale mlangoni, akavuta kanga yake ikafunika magoti. Hakulia mbele yetu.

Nilipokuwa nikimfunga mzee paja kwa shati langu, alinivuta karibu. Aliniambia polisi watauliza, nami niwaambie kwamba Madam alikuwa akiisafisha bunduki ikafyatuka yenyewe, wakati sisi tukipita. Nilisema sawa. Nilifikiri ni uongo mdogo, wa kumkinga mama aliyefiwa asipate mashtaka juu ya kilio. Nilifikiri pia kwamba baada ya siku ile hataitaka tena bunduki hiyo machoni pake. Basi nikasema maneno hayo kwa askari, nikayaandika, nikatia sahihi, na mzee akatia yake akiwa kitandani hospitalini. Madaktari walitoa vipande kumi na vinne vya risasi pajani mwake. Miezi miwili baadaye Madam alirudishiwa bunduki yake, na siku hiyo hiyo ikasimama tena juu ya gunia.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Zamani niliogopa kwamba atamuua mtu. Sasa niliogopa kwamba atamuua mtu kwa sababu yangu. Niliamini kwamba macho yake yameharibika, kwamba aliona vivuli viwili vikipita kwenye ua akadhani ni wale watu watano wamerudi. Kama ningesema ukweli, silaha ingebaki kituoni. Nilihamishiwa Embu mwaka uliofuata, nikaoa, nikajenga, lakini kila gazeti lilipoandika habari ya mtu kupigwa risasi kule Meru nilikuwa nasoma jina la mahali kwanza, na mke wangu akazoea kuninyang'anya gazeti asubuhi ili ninywe chai kwanza.

Mzee aliishi miaka tisa baada ya hapo, akichechemea. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Madam, akagonga rimu, akaingia kunywa chai. Sikuelewa urafiki ule. Nilipomwuliza kama haogopi, alisema yeye amekwisha kupigwa, sasa ni zamu ya wengine, akacheka peke yake. Alipokufa, Madam alikaa na wafiwa mstari wa mbele, kama ndugu.

Mwaka jana msichana anayemtunza alinipigia simu, akinong'ona. Alisema mtu wa kusoma mita ya stima alikuja, akaingia langoni bila kugonga, na Madam akamwelekezea bunduki kifuani kwa muda mrefu, hadi yule mtu akajikojolea. "Uncle, kuja umwongeleshe," alisema. "Yeye anakusikianga wewe. Siku ingine itakuwa ni maiti, na itakuwa ni mimi naulizwa."

Nililala vibaya siku mbili, kisha nikaenda. Nilifika saa nne asubuhi. Niligonga rimu mara tatu, nikasimama mahali pa wazi na mvi zangu, nikataja jina langu na la baba yangu. Kwa jambo lililonileta nilisema, "Mazungumzo." Akasema "Present."

Alikuwa amekonda, lakini mgongo bado ulikuwa wima. Tulikunywa chai. Nilizunguka sana, nikauliza ng'ombe, nikauliza kanisa, hata bei ya miraa ambayo hainihusu. Mwishowe nikasema hotuba niliyoiandaa njia nzima kutoka Embu. Nilimwambia kwamba umri ni umri, kwamba hakuna aibu, kwamba macho si yale ya zamani, na ile siku ya msiba ilikuwa ni kosa la macho ambalo yeyote angelifanya, lakini lisije likarudiwa. Nilimwomba turudishe bunduki kituoni leo hii, mimi na yeye.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akanyoosha kidole dirishani, kuelekea tangi la maji la jirani ng'ambo ya barabara. "Pale imeandikwa nini?"

Nilikaza macho. Niliona rangi nyeusi tu.

Akanisomea jina la kiwanda, akanisomea ujazo, akanisomea na onyo la kutopanda juu yake lililoandikwa kwa herufi ndogo. "Miwani ni ya vitabu," alisema. "Ya mbali sijawahi kuwa na shida. Hata hiyo siku sikuwa na shida."

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa, ila nikataka asiendelee.

"Niliwaona mkiwa bado kwa mwanya wa ng'ombe," alisema. "Mzee alitoa kofia. Wewe ulikuwa na ile sweta ya kijani ya shule. Mtu anakuja kwangu na njia ya jikoni, haiti, kofia iko mkononi, na mimi niko na mtoto mmoja tu Embu. Mwalimu, mimi ni mtu wa huku. Ungeniambia nifikirie nini?"

"Kwa hiyo ulijua ni sisi."

"Nilijua ni ninyi na nilijua kile mmebeba. Nilitaka msifike."

Nilimwuliza kama mzee aliwahi kujua. Alisema alimwambia kule hospitalini, siku ya tatu, akipiga magoti karibu na kitanda. Mzee akamwambia anyamaze, asimwambie mtu, hasa mimi, kwa sababu mimi ni mwoga na sitaweza kulala.

Nilimwuliza alikuwa amemlenga nani kati yetu wawili. Nilijua jibu, lakini niliuliza.

"Wa mbele. Wewe hukuwa na la kusema." Akakiweka kikombe chake katikati ya kisahani. "Huyu wa mita pia nilimwona vizuri. Kijana safi, kitambulisho kwa shingo. Alikuwa anatembea polepole akiangalia chini, anatafuta hiyo mita. In fact, sina mtu mwingine wa kuletewa habari yake. Wote wameisha. Lakini mkono ulienda wenyewe." Aliutazama mkono wake pale juu ya meza. "Twende."

Tulitoa risasi mbili, tukazitia katika mkebe pamoja na zile tano. Aliifunga bunduki kwa shuka, akaipakata kwenye kiti cha mbele cha gari langu, tukaenda kituoni. Nilikuwa nikiendesha kwa mwendo wa baiskeli. Niliwaza kwamba miaka yote hii nilimwogopa mama kizee asiyeona, na kumbe nilipaswa kumwogopa mama aliyeona kila kitu, na kwamba mimi ni hai kwa sababu tu ya kutembea nyuma ya mtu. Nilimwogopa kuliko siku nyingine yoyote, na nilimhurumia kwa kiasi hicho hicho.

Askari wa zamu alikuwa msichana mdogo, labda hata hakuwa amezaliwa wakati wa ule msiba. Alimwita Madam "shosho," kama anavyomwita bibi yake, akamletea kiti, akafungua daftari lake. Akaandika nambari ya bunduki na nambari ya leseni. Kwenye sababu ya kurudisha, akaandika uzee bila kuuliza. Halafu akauliza kama silaha hiyo imewahi kutumika.

"Mara moja," alisema Madam.

"Kwa mwizi?"

"Hapana."

Yule askari aliinua kalamu, akangoja. Madam naye alinigeukia, akangoja, kama alivyokuwa akiningoja nikiwa darasa la sita nimesimama mbele ya ubao. Sijui alitaka niseme lipi. Mpaka leo nikilala najiuliza alitaka niseme lipi.

"Ilikuwa bahati mbaya," nikasema. "Alikuwa akiisafisha."

Askari akaandika. Madam aliondoa macho yake kwangu, akachukua mkoba wake, akasimama bila kushika meza, akatoka nje mbele yangu.